Dakika tatu zilizojaza ukumbi

Askari aliyekuwa zamu mtaa wa MacDougal, New York, alipouona umati mbele ya ukumbi wa Provincetown Playhouse alidhani ni maandamano. Akauliza. Mmoja wao akamjibu kwamba si maandamano, ni mapinduzi katika utengenezaji wa filamu. Kisa hiki kimo katika shajara za mwandishi Anaïs Nin, na Nin hakuwa mtu wa kuogopa chumvi. Lakini hata ukiichuja chumvi yote, yanabaki haya: Jumatatu tarehe 18 Februari 1946, mwanamke wa miaka 28 alikodi mwenyewe ukumbi wa tamthilia, akaonyesha filamu tatu fupi alizozitengeneza nje ya kampuni yoyote, na watu wakajaa.

Jina lake Maya Deren. Filamu zenyewe zilikuwa Meshes of the Afternoon ya 1943, At Land ya 1944, na ya tatu, iliyo fupi kuliko zote, A Study in Choreography for Camera ya 1945. Juu ya mbili za kwanza yameandikwa mengi. Mimi nina kesi na hiyo ya tatu. Ni kama dakika tatu tu, haina rangi, haina sauti, haina hadithi. Ndani yake yumo mtu mmoja anayecheza dansi, basi.

Tuitazame kwanza, mengine yatafuata.

Kamera inazunguka taratibu msituni, kwenye miti myembamba yenye magome meupe. Inampita kijana mweusi aliyevua shati, anaanza kujikunjua kama mtu anayeamka. Kamera haimsubiri, inaendelea na mzunguko wake. Mara yule kijana yuko mbele yake tena, karibu zaidi, na mkunjuo wake umeendelea kutoka pale ulipoachwa. Inampita, inamkuta tena. Kisha anainua mguu juu, palepale msituni, anaushusha polepole, na mguu unatua ndani ya chumba cha nyumba ya mtu. Hajasita wala hajapiga hatua ya ziada. Mwendo ni mmoja, mahali ni pawili. Kutoka chumbani anaingia katika kumbi kubwa za makumbusho ya Metropolitan, anacheza kati ya nguzo na vitu vya kale. Anasimama mbele ya sanamu ya Kibuddha yenye nyuso nyingi, anaanza kuzunguka kwa ncha ya mguu. Mwanzo anazunguka pole kama mtu aliye majini, halafu kasi inapanda, inapanda, hadi uso wake unakuwa ukungu na hujui tena ni uso mmoja au nyingi kama za ile sanamu. Mwisho anaruka. Anapaa, anapita angani miguu imetanuka, anaendelea kupita, na wewe unaanza kujiuliza atatua saa ngapi. Anatua nje kabisa, mahali pa juu penye ardhi wazi mbele yake, amechuchumaa, mgongo ametupa sisi.

Niliionyesha kwa mpwa wangu, ambaye mkate wake unatokana na kuhariri video za harusi. Nilitegemea apige miayo. Aliitazama kwenye simu, akairudisha nyuma, akaitazama tena, kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu kakata wapi?" Nilimwambia ndiyo swali lenyewe. Akaanza kunionyesha kwa kidole: hapa msituni kamera imesimamishwa, jamaa kahama, kamera imeendelea kuanzia palepale. Hapa mguu umepigwa picha mara mbili, nusu ya kwanza nje, nusu ya pili ndani, ukaungwa kwenye kiwiko cha mwendo. "Na hii ya kuruka si mruko mmoja," akasema. "Ni mingi. Kaichonga." Kijana ana programu inayofanya hayo yote kwa kugusa kioo. Kilichomshangaza ni mwaka.

Mwaka 1945 Deren alikuwa na kamera ya Bolex ya milimita 16, aliyoinunua kwa sehemu ya urithi kutoka kwa baba yake aliyefariki 1943. Bolex ya wakati huo haikutumia umeme. Ilitiwa ufunguo kama saa ya mezani, na ukishaikaza inakwenda nusu dakika hivi, inakata. Inaweza kupiga fremu 8 kwa sekunde au kupanda hadi 64, na hapo ndipo ile siri ya mzunguko ilipo. Ukipiga fremu nyingi kwa sekunde kisha ukazionyesha kwa mwendo wa kawaida, mtu anaelea. Ukipiga chache, anakuwa pia. Yule mchezaji alizunguka kwa miguu yake, na kasi tunayoiona skrini ilipangwa na Deren kwa mkono wake kwenye kamera. Ule mruko wa mwisho nao ni vipande vya miruko kadhaa vilivyofuatanishwa: kupaa, kupita juu, kushuka. Hakuna mwanadamu aliyewahi kukaa hewani muda ule. Hata hivyo kila kipande ni mwili halisi wa mtu halisi aliyeruka na kuanguka, na bila shaka akaambiwa aruke tena.

Ndiyo maana nasema filamu hii si rekodi ya dansi. Ukienda ukumbini ukamwomba mchezaji akuchezee ile uliyoiona, hawezi. Dansi ile haipo popote ila kwenye utepe wa filamu. Hilo linaweza kuonekana jambo dogo kwetu tuliozoea kila kitu kukatwakatwa, lakini kumbuka dansi ilivyokuwa ikipigwa picha siku zile. Fred Astaire alitaka aonekane mwili mzima, utosini hadi unyayoni, bila kukatakata, ili mtazamaji aamini kwamba amecheza kweli. Busby Berkeley alipandisha kamera darini, akawapanga wasichana wengi sakafuni kama petali za ua. Kwa Astaire kamera ni mtazamaji mwenye adabu aliyekaa kiti cha mbele. Kwa Berkeley wachezaji ni nakshi za mkeka. Deren alimwingiza mwenye kamera katika dansi yenyewe akawa mchezaji wa pili, na akaandika hayo katika Dance Magazine mwaka huohuo wa 1945. Mhakiki wa dansi wa gazeti la New York Times, John Martin, alilazimika kuunda neno jipya la kuunganisha dansi na sinema, kwa kuwa yaliyokuwapo hayakutosha.

Kuna jambo moja katika filamu hii linalomsumbua Mswahili kuliko Mmarekani: ukimya wake. Kwetu ngoma ni kile kilichowambwa ngozi, ni mlio wake, ni mchezo unaochezwa kwa mlio huo, na ni shughuli nzima ya usiku kucha pamoja na wali wake. Neno ni hilohilo. Ukiambiwa kuna ngoma kwa jirani, huulizi kama ni ya kusikiliza au ya kutazama. Sasa mbele yako kuna mtu anacheza na huisikii ngoma yoyote. Mara ya kwanza nilihisi kama televisheni imeharibika. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kwamba mdundo upo, umehamia kwenye mikato. Kila picha inapobadilika ni kama fimbo imegusa ngozi, na zile sekunde ndefu za mruko ni mpigaji aliyeinua mkono akauacha juu makusudi, mpaka wachezaji wote wamtazame. Wapo wanaoipachikia filamu hii muziki wa kwao. Waache. Ni sawa na kumpigia filimbi mtu anayesali.

Deren hakuwa mchezaji dansi kwa kazi. Alizaliwa Kyiv mwaka 1917 kwa jina la Eleanora Derenkowska, na mwaka 1922 familia yake ya Kiyahudi ilihamia Syracuse, jimbo la New York. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1941 akawa katibu wa Katherine Dunham, mcheza dansi na mwanaanthropolojia mweusi aliyekwenda visiwa vya Karibi kusomea ngoma za watu wa huko, akarudi na kuziweka kwenye majukwaa ya Marekani. Deren alizunguka na kundi lake hadi Los Angeles, na huko akakutana na Alexander Hammid, mpiga picha mkimbizi kutoka Czechoslovakia, wakaoana. Hammid ndiye aliyemfunza kamera, na ndiye aliyempa jina la Maya. Filamu yao ya kwanza waliitengeneza nyumbani kwao kwa dola mia mbili na ushei. Alizoea kutania kwamba anatengeneza filamu kwa fedha ambazo Hollywood inazimaliza kwenye rangi ya midomo.

Kijana wa msituni ni Talley Beatty. Naye alitoka kwa Dunham. Alizaliwa Louisiana, akakulia Chicago, akaingia mikononi mwa mama huyo angali mtoto. Hapa sharti tukumbuke mwaka kwa sababu nyingine, isiyohusu kamera. Mwaka 1945 makampuni makubwa ya ballet ya Marekani hayakuwa na nafasi kwa mcheza dansi mweusi, awe hodari vipi. Janet Collins alipata nafasi ya kwanza katika ballet ya Metropolitan Opera mwaka 1951, na Arthur Mitchell aliingia New York City Ballet mwaka 1955. Kwa hiyo miaka kumi kabla ya Mitchell, kijana mweusi anacheza peke yake katika kumbi za makumbusho ya sanaa makubwa kuliko yote nchini mwake, kati ya mali za mafarao na mawe ya miungu, na hakuna mtu wa kumwambia apishe. Filamu haisemi neno juu ya hilo. Inamwacha apite. Sijui kama Deren alikusudia siasa, nami sihitaji kujua.

Ninachokijua kimeandikwa mwanzoni mwa filamu. Majina ni mawili. Filamu ni ya Maya Deren na Talley Beatty, yamewekwa pamoja kama watunzi wenza. Mruko ulianza kwenye misuli ya mmoja ukamalizikia kwenye meza ya uhariri ya mwingine, na aliyeshika mkasi hakujiona mwenye mali peke yake.

Niruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Fungua video yoyote ya muziki wa Kiswahili iliyotazamwa na mamilioni. Chini yake utakuta jina la msanii, la mtayarishaji wa muziki, la mwongozaji, pengine la aliyemvalisha. Wale vijana sita walioloa jasho nyuma yake kuanzia alfajiri mpaka taa zizimwe, hawamo. Enzi za bendi za dansi wanenguaji angalau waliitwa kwa majina kwenye kipaza sauti, na mmoja kama Aisha Madinda wa Twanga Pepeta alikuwa sababu tosha ya mtu kulipa kiingilio. Siku hizi wanaitwa "madansa", kwa ujumla, kama viti vya kukodi. Filamu ya dakika tatu ya mwaka 1945 inatusuta.

Turudi MacDougal.

Provincetown Playhouse haikuwa jumba la sinema. Ilikuwa ukumbi mdogo wa tamthilia, viti mia mbili hivi, na sifa yake ilijengwa na michezo ya Eugene O'Neill. Pale ndipo Charles Gilpin alipoigiza The Emperor Jones mwaka 1920, mweusi kashika nafasi kuu katika jiji lililozoea kuwapaka Wazungu masizi. Pale aliigiza pia Paul Robeson mwaka 1924, yuleyule ambaye miaka kumi hivi baadaye, akiwa London, alikaa chini kujifunza Kiswahili. Kuta hizo zilikuwa zimeona mambo. Wala ukumbi haukuwa mbali na kwake, maana Deren na Hammid walikuwa wakiishi Morton Street, katika mtaa huohuo wa Greenwich Village.

Onyesho akaliita Three Abandoned Films, yaani filamu tatu zilizoachwa. Jina hilo lilitokana na wazo la mshairi Mfaransa Paul Valéry kwamba kazi ya sanaa haimalizwi, mtunzi huiacha tu. Nalipenda jina hilo kwa ujeuri wake. Katika biashara ambayo kila tangazo linaapa kwamba hii ndiyo filamu kubwa ya mwaka, mtu anabandika karatasi ukutani inayosema: nimeziacha hizi tatu, njooni mzione.

Na kwa nini akodi ukumbi wa tamthilia? Kwa sababu majumba ya sinema yalifungwa kwake. Yalikuwa na mikataba na makampuni makubwa, yalionyesha utepe wa milimita 35, na yalitaka filamu ya kujaza saa moja na nusu. Filamu ya dansi ya dakika tatu ya milimita 16 hukuweza kuipeleka hata kwa mlinzi wa getini. Njia iliyobaki ilikuwa kuwaonyesha marafiki sebuleni, wapige makofi, waende zao. Deren aliona kwamba filamu ambayo haijaonyeshwa kwa watu wasiokufahamu bado haijawa filamu. Basi kuonyesha akakufanya sehemu ya utunzi: akatafuta ukumbi, akaandika vijitabu vya maelezo, akawa anasimama mbele ya watu kueleza na kujibu. Baada ya usiku ule alirudia maonyesho palepale, kisha akazibeba filamu zake kwenda nazo vyuo vikuu, huku akizikodisha kwa posta. Mwaka huohuo wa 1946 alipata ufadhili wa Guggenheim, wa kwanza kutolewa na taasisi hiyo kwa kazi ya ubunifu katika filamu.

Kati ya waliofika kwenye maonyesho yake ya Provincetown alikuwamo mkimbizi kijana kutoka Vienna, Amos Vogel. Alikuwa na kiu ya filamu zisizoonyeshwa popote. Kilichomfungua macho, mbali na filamu zenyewe, ni hesabu: kumbe ukumbi unaweza kukodiwa, kumbe watu watakuja. Mwaka uliofuata yeye na mkewe Marcia wakaanzisha Cinema 16, chama cha kutazama filamu, wakaanzia hapohapo Provincetown Playhouse. Kilikuja kuwa na wanachama elfu saba hivi, kikaishi hadi 1963.

Haya ndiyo ninayotaka wayasikie vijana wetu wanaotengeneza filamu fupi na kuzipeleka moja kwa moja mtandaoni, halafu wanakaa kuhesabu watazamaji kwenye simu. Simu ni kitu kizuri, hata mimi nimeitazamia hii. Lakini mtu aliyekodi kiti hatelezi kwa kidole kwenda video inayofuata. Amevaa, amepanda daladala, amekaa gizani pamoja na wengine, na akichukia atachukia hadharani. Huku kwetu neno uzinduzi limeshikwa na zulia jekundu, suti za kuazima na mgeni rasmi anayechelewa saa mbili. Niliwahi kualikwa kwenye uzinduzi mmoja ambapo hotuba zilikwenda dakika arobaini na filamu dakika kumi na moja, tena nusu ya wageni walikuwa wamekwishafuata soda nje. Uzinduzi wa Deren haukuhitaji mgeni rasmi. Zanzibar tumeuona usiku wa namna hiyo: tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likitandaza skrini Ngome Kongwe, na pale nimeona umati wa watu na watoto wao ukinyamaza kabisa mbele ya filamu ambayo hakuna muuza diski angeigusa. Watu hawaogopi kitu kigeni, wanaogopa kuchoshwa.

Wala mali ya kufanyia si haba. Fikiria bugobogobo ya Wasukuma, ambayo wachezaji hucheza na majembe mikononi. Kila sherehe ya taifa kamera hupandishwa jukwaani karibu na wageni, na wachezaji wanaonekana kama sisimizi kwenye sukari. Sasa fikiria jembe linainuliwa shambani Magu, kamera imeukodolea macho mpini wake, na linapotua linatua kwenye sakafu ya marumaru ya benki mjini Mwanza, foleni nzima inageuka. Mwendo ni mmoja, mahali ni pawili. Sidai hakimiliki. Atakaye aichukue.

Deren mwenyewe hakubaki kwenye dansi ya chumbani. Mwaka 1947, mwaka ambao Meshes of the Afternoon ilituzwa Cannes katika kundi la filamu za majaribio, alikwenda Haiti kupiga picha ngoma za Vodou. Alikusudia kuzikata na kuzichonga kama alivyomfanya Beatty. Akashindwa. Aliona kwamba ngoma ile ina mwenyewe, na kwamba mkasi wake ungeiua. Wahaiti humwita mtu aliyepandwa na roho kuwa farasi wa roho hiyo. Wazee wa pwani yetu, wanaojua habari za kupunga pepo, humwita kiti. Deren alipandwa, kwa maelezo yake mwenyewe, na badala ya filamu akaandika kitabu, Divine Horsemen, kilichotoka 1953. Maelfu ya mita za utepe aliopiga huko hakuwahi kuuhariri. Nadhani huo ni uamuzi mkubwa kuliko mruko, lakini ni makala nyingine.

Alifariki tarehe 13 Oktoba 1961 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 44. Beatty akaendelea, akawa mtunzi mkubwa wa dansi, na kundi la Alvin Ailey likacheza kazi zake. Alifariki New York mwaka 1995.

Filamu yao inapatikana mtandaoni, na haitakuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Ukiitazama, zima muziki uliopachikwa, kama upo. Mara ya kwanza iache ipite tu. Mara ya pili hesabu, pale mwanzoni msituni, kamera inapozunguka mzunguko mmoja inamkuta Beatty mara ngapi. Mpwa wangu na mimi bado tunabishana.